Mgonjwa ameniuliza, "Serotonini yangu mliipima lini?" na nimekosa jibu

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa 2

Habari za kazi, ndugu wauguzi na wafamasia. Niko katika mafunzo kwa vitendo kwenye wodi ya afya ya akili, na ninaomba msaada wa kuelewa jambo ambalo nimelikariri kwa ajili ya mtihani lakini limenishinda mbele ya mgonjwa.

Jana usiku nilikuwa nikigawa dawa pamoja na muuguzi anayenisimamia. Mama mmoja mwenye sonona, aliyeanzishiwa fluoksetini miligramu 20 siku tano zilizopita, alikishika kidonge kiganjani, akakitazama kwa muda, kisha akaniuliza dawa hiyo inafanya nini hasa kichwani mwake. Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba kemikali iitwayo serotonini imepungua katika ubongo wake na dawa inairudisha katika kiwango chake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mliipima lini?" Sikuwa na la kusema, kwa sababu hakuna aliyeipima. Akaongeza kwamba tangu aanze dawa anasikia kichefuchefu na usingizi umempaa, ilhali huzuni iko pale pale. Sasa kama dawa imekwisha kuingia mwilini kiasi cha kumchafua tumbo, mbona nafuu haijaingia? Mwishowe alikimeza, nadhani kwa kunionea huruma tu, si kwa sababu nilimridhisha.

Swali langu la pili linahusu kijana aliye upande wa pili wa wodi, anayetumia haloperidoli. Daftari langu linasema dawa hiyo huzuia dopamini na hivyo kupunguza sauti anazozisikia. Ni kweli sauti zimepungua, lakini sasa anatembea kwa hatua fupi za kuburuta miguu, uso hauonyeshi hisia yoyote, na mikono inamtetemeka. Je, dopamini inayomletea sauti ndiyo hiyo hiyo inayomwezesha kutembea? Ninalo jedwali la dawa na maudhi yake, na nimelikariri lote, lakini sioni kinachounganisha safu ya kwanza na safu ya pili. Naomba mnieleze namna ya kuufikiria mfumo wenyewe.

Muuguzi wa afya ya akili

Mdogo wangu, pole na hongera kwa pamoja. Mgonjwa huyo amekuuliza swali ambalo wengi wetu tulifanya kazi miaka mingi bila kuulizwa, na unyamavu wako ulikuwa wa kweli kuliko jibu ulilofundishwa. Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoonyesha kiwango cha serotonini katika ubongo wa mtu aliye hai, na utambuzi wa sonona haufanywi kwa damu bali kwa mazungumzo, historia na dalili. Tuanzie hapo.

Wazo la upungufu lilitoka kwenye dawa likarudi kwenye ugonjwa, si kinyume chake. Mwaka 1952 madaktari waliokuwa wakijaribu dawa ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi waliona kwamba baadhi ya wagonjwa walichangamka kupita ilivyotarajiwa. Baadaye ikafahamika kwamba dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini, noradrenalini na dopamini. Kutokana na ugunduzi kama huo watu wakakisia kwamba, kwa kuwa dawa inayoongeza kemikali hizi hupunguza huzuni, basi huzuni lazima iwe imeletwa na upungufu wake. Lakini homa ikishuka kwa parasetamoli hatusemi kwamba mgonjwa alikuwa na upungufu wa parasetamoli. Dawa inaweza kusaidia kwa kusukuma sehemu fulani ya mfumo bila sehemu hiyo kuwa ndiyo iliyoharibika. Kwa hiyo sentensi ya "serotonini yako imepungua" iache. Si kwamba serotonini haihusiki. Inahusika, lakini hatuna haki ya kumwambia mtu fulani, aliyelala kitanda fulani, kwamba yeye amepungukiwa.

Sasa tazama kinachotokea. Seli mbili za neva hazigusani. Kati yake pana mwanya mdogo sana uitwao sinapsi. Seli ya kwanza inapopata msisimko humwaga kemikali ya ujumbe katika mwanya huo, na kemikali hiyo hujishikiza kwenye vipokezi vya seli ya pili. Ujumbe ukishafika, mwanya lazima usafishwe. Kwa serotonini, usafi huo hufanywa zaidi na pampu zilizo kwenye utando wa seli iliyoimwaga, ambazo huinyonya na kuirudisha ndani ili itumike tena. Fluoksetini na ndugu zake huziba pampu hizo. Hazitengenezi serotonini mpya hata chembe. Zinaifanya iliyopo ikae muda mrefu zaidi mahali inapofanya kazi. Uzibaji huo huanza ndani ya saa chache baada ya kumeza kidonge.

Kwa nini basi nafuu ichelewe? Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mgonjwa wako alipo. Seli zinazotoa serotonini zina makao yake katika shina la ubongo, kwenye viini viitwavyo rafe, na zina vipokezi vyake zenyewe vinavyopima ni kiasi gani zimemwaga. Serotonini inapoongezeka ghafla kuzizunguka, vipokezi hivyo huzipa amri ya kupunguza kasi. Ni kama mtu anayefungua bomba zaidi huku mwingine akilifunga upande wa pili. Kadiri siku zinavyokwenda, vipokezi hivyo vya kujidhibiti huzoea wingi huo na kulegea, na seli hurudia kasi yake ya kawaida huku pampu zikiwa bado zimezibwa. Wakati huo huo seli zinazopokea ujumbe nazo hubadilika: jeni fulani huamshwa, protini zinazolisha neva huongezeka, miunganiko hujengwa upya. Kujenga hakufanyiki kwa siku moja. Ndiyo maana tunazungumzia wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu inayoonekana, na mara nyingine wiki sita au zaidi, ingawa dalili ndogo za kubadilika zinaweza kujitokeza mapema zaidi kwa baadhi ya watu. Huu ndio ufafanuzi unaokubalika zaidi kwa sasa, na bado unaendelea kufanyiwa kazi.

Tumbo, kwa upande wake, halisubiri. Takriban asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili iko katika mfumo wa chakula, ambako husaidia utumbo kusukuma chakula na hupeleka habari za kichefuchefu kwenye ubongo kupitia neva. Dawa haijui kwamba tuliikusudia kichwa. Inaziba pampu popote inapozikuta. Kichefuchefu cha siku ya tano ni serotonini ya tumboni ikizungumza, na kwa wagonjwa wengi hutulia ndani ya wiki moja au mbili, hasa dawa ikimezwa pamoja na chakula.

Kuna jambo moja ambalo sitaki ulipite haraka. Katika wiki hizi za mwanzo, nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya matumaini. Mtu aliyekuwa akiwaza kufa lakini hana hata nguvu ya kuinuka kitandani anaweza kuipata nguvu hiyo wakati mawazo yale bado yapo. Kwa watoto na vijana pameonekana pia ongezeko la mawazo ya kujiua mwanzoni mwa matibabu, na ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liwekwe kwenye dawa hizi mwaka 2004, kisha mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24. Hiyo haimaanishi dawa ni mbaya. Inamaanisha kwamba wewe uliye karibu naye unapaswa kumwuliza waziwazi, kwa maneno yasiyozungukazunguka, kama anawaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Uliza leo, uliza na wiki ijayo, hata kama anaonekana amechangamka. Hasa kama amechangamka ghafla.

Mfamasia wa hospitali

Nakubaliana na dada muuguzi, na naomba nichukue swali la kijana wa haloperidoli.

Jibu fupi ni ndiyo: dopamini ni ile ile, ila njia ni tofauti. Fikiria kwamba ubongo una njia nne kuu zinazotumia kemikali hii. Ya kwanza inatoka katika ubongo wa kati kwenda sehemu za ndani zinazohusika na hisia na kuyapa mambo uzito. Msisimko uliozidi katika njia hii unahusishwa na sauti na imani zisizo za kweli. Ya pili inatoka karibu na hapo kwenda gamba la mbele la ubongo, ambako hushughulikia umakini, mipango na ari ya kutenda. Ya tatu huenda kwenye viini vinavyoratibu mwendo wa misuli. Ya nne hufika karibu na tezi ya pituitari na kazi yake ni kuizuia tezi hiyo isitoe prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kupita kiasi.

Haloperidoli huziba kipokezi cha dopamini kiitwacho D2, na D2 kipo katika njia zote hizo. Ukiziba ya kwanza, sauti hupungua. Ukiziba ya pili, mgonjwa anaweza kuwa mzito wa kufikiri na kukosa ari, ukadhani ni ugonjwa wenyewe. Ukiziba ya tatu, unampata kijana wako: hatua za kuburuta, uso usiotikisika, mikono inayotetemeka. Angalia vizuri, utagundua kwamba anafanana na mgonjwa wa Parkinson, na si kwa bahati, kwa sababu katika ugonjwa huo seli zinazotoa dopamini kwenye njia hii hii zimekufa. Ukiziba ya nne, prolaktini hupanda, na mwanamke anaweza kukosa hedhi au kutokwa na maziwa bila kuwa mjamzito, na mwanamume anaweza kuvimba matiti au kupoteza hamu ya tendo la ndoa. Mambo haya wagonjwa hawayasemi wasipoulizwa, na wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu yake.

Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba dawa nyingi za kundi hili huanza kuleta nafuu zinapokuwa zimeziba takriban asilimia 65 ya vipokezi vya D2, na kwamba ukikaribia asilimia 80 matatizo ya misuli huanza kujitokeza. Nafasi kati ya namba hizo mbili ni nyembamba. Kuongeza dozi zaidi ya hapo mara nyingi humwongezea mgonjwa ukakamavu bila kumpunguzia sauti, na hilo ni jambo la kumkumbusha daktari kwa heshima unapoona dozi inapandishwa kila raundi.

Inafaa pia ujue kwamba dawa ilitangulia maelezo. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, na Jean Delay na Pierre Deniker wakaeleza jinsi ilivyowatuliza wagonjwa waliokuwa hawajawahi kutulia. Ni mwaka 1963 ndipo Arvid Carlsson wa Uswidi na mwenzake walipopendekeza kwamba dawa hizi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake juu ya dopamini. Watu walikuwa wamekwisha kutibiwa kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya yeyote kueleza kwa nini wanapona.

Kuhusu jedwali lako: usilikariri kwa majina ya dawa, likariri kwa vipokezi, maana ni vichache. Dawa inayoziba kipokezi cha histamini italeta usingizi na njaa, na uzito utapanda. Olanzapini ni mfano ulio wazi. Inayoziba vipokezi vya alfa kwenye mishipa ya damu itamwangusha mgonjwa anapoinuka ghafla, basi mpime shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, na mfundishe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Inayoziba vipokezi vya asetilkolini, kemikali nyingine ya ujumbe, itakausha kinywa, italeta ukungu machoni, itafunga choo na mkojo, na kwa mzee itachanganya akili. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, huziba vyote hivyo vitatu, mbali na kuzuia pampu za serotonini na noradrenalini, na zaidi ya hayo hugusa njia za sodiamu kwenye moyo, ndiyo maana vidonge vyake vikimezwa kwa wingi vinaweza kuua. Mtu mwenye mawazo ya kujiua hapewi akiba ya mwezi mzima aende nayo nyumbani.

Muuguzi msimamizi wa wodi

Naomba niongeze jambo moja tu lililonifundisha zaidi ya kitabu chochote, na linahusu hiyo njia ya tatu.

Nilipokuwa muuguzi mpya tulimpokea mwanamume mmoja mwenye saikosisi, yaani aliyepoteza uhalisia, akachomwa haloperidoli. Siku ya tatu akaanza kutembea. Alikwenda mlangoni akarudi, akakaa, akasimama kabla hajakaa sawasawa, akainua mguu mmoja akaushusha, akainua wa pili. Alikuwa akisugua mapaja yake kwa viganja vya mikono. Tuliandika kwenye faili kwamba amezidi kuhangaika, tukampigia simu daktari, na akaagizwa sindano nyingine ya dawa ile ile. Usiku ule alizidi maradufu. Mwuguzi mmoja mzee alipoingia zamu alimkalisha, akamwuliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwuliza: "Huko kutulia kunakushinda kichwani au miguuni?" Akajibu kwa sauti ya kuchoka, "Miguuni, sista. Kichwa kimetulia. Miguu ndiyo hainiachi."

Hiyo ni akathisia, na ilikuwa imeletwa na dawa yetu. Kila sindano tuliyomwongezea ilikuwa inaongeza chanzo cha tatizo. Dozi ilipopunguzwa na akapewa propranololi, baada ya siku chache alikaa kwenye kiti akala chakula chote bila kuinuka. Sijasahau jinsi alivyokuwa akikitazama kile kiti kwanza, kama mtu asiyeamini.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, katika saa na siku za mwanzo tazama shingo iliyopinda, taya lililokaza, ulimi unaotoka nje, au macho yaliyogeuka juu yasiyoweza kushuka. Huo ni mkazo wa ghafla wa misuli. Unatisha na unauma, na kwa kawaida hulegea upesi mgonjwa akichomwa dawa inayozuia asetilkolini, kwa sababu katika viini vya mwendo dopamini na asetilkolini hushindana, na ukiiziba ya kwanza ya pili hutawala. Mkazo ukishika koo, hiyo ni dharura ya njia ya hewa. Katika siku na wiki zinazofuata tazama akathisia, kisha ule ukakamavu wa kijana wako. Baada ya miezi au miaka tazama midomo inayotafuna bila chakula na ulimi unaochezacheza, kwa kuwa hayo huweza kubaki hata dawa ikiachwa, na dawa za kuzuia asetilkolini hazisaidii hapo, pengine huzidisha. Na siku yoyote ukikuta homa kali, misuli iliyokakamaa kama bomba la chuma, jasho, shinikizo linalopanda na kushuka, na akili iliyochanganyikiwa, usimpe dozi inayofuata. Mwite daktari papo hapo.

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa 2

Nawashukuru sana, walimu wangu. Nimesoma majibu haya mara tatu na leo nilimtazama yule kijana kwa macho mengine kabisa. Nimeripoti mwendo wake kwa msimamizi na daktari amesema ataipitia dozi. Naomba mnivumilie kwa jambo moja zaidi. Katika njia hii ya kufikiri kwa vipokezi, lithiamu nimeikosea mahali pa kuiweka, kwa maana sioni kipokezi chake. Na diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, je? Tuna mgonjwa anayeiomba kila jioni, na wenzangu wengine wanasema anang'ang'ania dawa kwa makusudi.

Mfamasia wa hospitali

Umeuliza vizuri, kwa sababu lithiamu kweli haina kipokezi chake. Ni chumvi, ndugu yake sodiamu, na huingia ndani ya seli yenyewe. Humo huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyopeleka mbele ujumbe ulioletwa na vipokezi, kiasi kwamba mwitikio wa seli hupozwa bila mlango wowote kufungwa. Daktari John Cade wa Australia alieleza matumizi yake kwa wagonjwa wenye msisimko mkali mwaka 1949, na hadi leo ni miongoni mwa dawa bora za ugonjwa wa bipola, ule wa vipindi vya msisimko mkali na vya huzuni, na ina ushahidi mzuri wa kupunguza vifo vya kujiua.

Undugu wake na sodiamu ndio unaoeleza karibu kila tahadhari utakayofundishwa. Figo hazitofautishi vizuri kati ya hizo mbili. Mgonjwa akiharisha, akitapika, akitoka jasho jingi au akiacha chumvi ghafla, figo huona sodiamu imepungua na kuanza kuiokoa, na pamoja nayo huiokoa lithiamu, ikarudi kwenye damu badala ya kutoka kwenye mkojo. Baadhi ya dawa za kuongeza mkojo hufanya hivyo hivyo, na pia dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mgonjwa hujinunulia mwenyewe bila kudhani kwamba anapaswa kumwambia mtu. Kiwango tunachokitafuta kwa kawaida ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukiichukua saa mbili baada ya kidonge utapata namba ya kutisha isiyo na maana. Kikipita 1.5 sumu huanza. Mtetemo mwembamba wa vidole ni wa kawaida, lakini mkono ukianza kutetemeka kiasi cha kumwaga chai, mwendo ukayumba, ulimi ukawa mzito na tumbo likaharisha, zuia dozi na uombe kipimo. Usisubiri namba ili uamini unachokiona, kwa sababu kwa mzee sumu inaweza kujitokeza hata namba ikiwa ndani ya mipaka. Figo na tezi dundumio hupimwa kila baada ya miezi kadhaa kwa muda wote anaoitumia.

Diazepamu ni rahisi kuieleza. GABA ndiyo kemikali kuu ya kutuliza katika ubongo. Ikishika kipokezi chake, mlango wa kloridi hufunguka, chaji hasi huingia na seli hupoa. Diazepamu haifungui mlango huo yenyewe, bali huufanya ufunguke mara nyingi zaidi GABA inapobisha. Kwa sababu hiyo, ikiwa peke yake ni nadra kuua, lakini ikikutana na pombe au dawa za kundi la mofini, pumzi inaweza kusimama. Baada ya wiki kadhaa za kuitumia kila siku vipokezi hupunguza usikivu, na dozi ile ile haitoshi tena. Ikiondolewa ghafla wakati huo, ubongo unabaki bila breki: jasho, mitetemo, kukosa usingizi, hata degedege.

Kuhusu mgonjwa anayeiomba kila jioni, hebu mtizame kwanza mmempa kwa muda gani na kama dozi imepunguzwa siku za karibuni. Inawezekana kabisa kwamba anachokieleza ni mwili ulioizoea dawa tuliyompa sisi. Anahitaji kupunguziwa polepole kwa mpango ulioandikwa, si kuitwa jina.

Muuguzi wa afya ya akili

Turudi kwa yule mama, kwa kuwa kesho utamkuta tena na kidonge kiganjani. Mimi ningekaa, si kusimama, nikamwambia hivi: "Mama, ulichoniuliza juzi kilikuwa sahihi. Hatukuipima, na hakuna kipimo chake. Tunachokijua ni kwamba dawa hii huacha kemikali moja ya ujumbe ikae kwa muda mrefu zaidi kati ya seli za ubongo, na kwamba watu wengi wenye hali kama yako hupata nafuu nayo, ingawa si wote. Tumbo limeihisi kwanza kwa sababu kemikali hiyo nyingi iko tumboni. Ubongo unahitaji wiki kadhaa ili ujipange upya. Tutakuwa tunakuuliza kila siku unaendeleaje, na ikifika wiki ya nne au ya sita bila mabadiliko, daktari ataangalia njia nyingine."

Kisha mwulize kuhusu usingizi. Kama anapewa fluoksetini jioni, omba ihamishiwe asubuhi, kwa maana huwachangamsha wengi. Mwambie pia asiiache ghafla wala asichanganye na dawa nyingine ya sonona aliyobaki nayo nyumbani. Fluoksetini na mabaki yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na serotonini ikizidi kupita kiasi huleta mitetemo, misuli inayorukaruka, kuharisha na homa.

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa 2

Nimetoka wodini sasa hivi. Alikuwa akipewa saa mbili usiku. Imehamishiwa asubuhi kuanzia kesho. Nilimweleza karibu kwa maneno hayo hayo, nikiwa nimekaa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza leo ni siku ya ngapi, nikamwambia ya saba. Nilipomwuliza kama anawaza kujidhuru alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wiki iliyopita alikuwa anawaza, na kwamba mimi ni mtu wa kwanza kumwuliza. Nimeshaliripoti hilo kwa msimamizi, na daktari amekuja kuzungumza naye.